Kelele za Kassian

Ukitaka kujua mwili wako una kelele kiasi gani, ziba masikio yote mawili kwa vidole, kisha utafune karoti. Ngurumo hiyo utakayoisikia ndiyo niliyopigana nayo kwa miaka tisa. Siku tulipoishinda nililia mbele za watu, mimi Gertraud Hupfauf, ambaye hata kwenye mazishi ya mama yangu mzazi nilikuwa nazunguka kupanga viti.

Mimi si daktari wala mhandisi. Ni fundi. Nakaa mbele ya hadubini na kuunganisha nyaya nyembamba kuliko unywele, katika maabara moja ya Innsbruck inayotengeneza vifaa vya kusikia vya kupandikizwa. Vifaa vingi vya namna hiyo vina kipande cha nje kinachovaliwa nyuma ya sikio, na maikrofoni imo humo. Chetu hakikuwa na kipande cha nje. Kila kitu kililala chini ya ngozi: maikrofoni, betri, na waya wa kuingia ndani ya sikio. Mtu anaoga nacho, analala nacho, anaanguka kwenye theluji nacho, na jirani hajui kitu.

Shida ilikuwa moja tu, lakini ilikuwa shida kweli. Maikrofoni iliyozikwa kichwani husikia dunia kwa mbali, ila mwili inausikia vizuri kupita kiasi. Ukimeza mate, ni maporomoko. Ukigeuza shingo, ni mlango mkuukuu. Meno yakikutana, hata mkeo akipiga kelele humsikii. Kikulacho ki nguoni mwako, na wagonjwa wetu walikuwa wanaliwa na mataya yao wenyewe.

Dawa tuliyobuni ilikuwa kidude cha pili, kidogo kama punje ya mtama, kilicholazwa chini ya maikrofoni. Hicho nilikitengeneza mimi kwa mikono yangu. Hakisikii sauti ya hewani, kinahisi mtikisiko wa mfupa tu. Kazi yake ni umbea. Mfupa ukitikisika, kinaiambia kompyuta ya ndani, "Hii kelele ni ya mwenye nyumba, itoe." Kompyuta inaitoa, na kinachobaki ni sauti ya dunia. Tulikiita Mbea, na mkubwa wetu alikasirika kwa sababu kwenye karatasi alikuwa amekipa jina lenye maneno saba.

Mkubwa wetu huyo ni Dkt. Mhandisi Ortwin Plank. Kwetu Austria cheo ni sehemu ya jina, kama pua ilivyo sehemu ya uso. Umsalimie bila cheo, atakuitikia, lakini utaona amepungukiwa na kitu. Ni mtu mwema, lakini anaamini namba kuliko anavyomwamini mwanadamu mwenye namba hizo.

Mgonjwa wetu wa nne alikuwa Kassian Auer, mgongaji wa jibini kutoka Oberleiten.

Gurudumu la jibini ya mlimani lina uzito wa kilo thelathini, na linakaa ghalani miezi tisa, mwaka, hata mwaka na nusu. Nje linaweza kung'aa kama paji la uso la askofu, na ndani limepasuka. Huwezi kukata kila moja kuchungulia. Kwa hiyo kuna mtu mwenye kinyundo kidogo anayepita kwenye rafu, anagonga, anasikiliza, anajua. Kassian alifanya kazi hiyo miaka thelathini na minne, na baba yake kabla yake. Kisha masikio yakaanza kumwisha kidogo kidogo, kama yalivyomwisha huyo baba yake.

Alivaa vifaa vya kawaida vya kusikia. Vitatu, kimoja baada ya kingine, na ghala likaviua vyote. Humo ndani kuna unyevu wa kuotesha uyoga kwenye kofia yako, na maganda ya jibini hutoa mvuke mkali kama wa zizi la farasi, mvuke unaokula chuma. Ndiyo maana alikuja kwetu. Alihitaji sikio ambalo ghala haliwezi kuligusa.

Na alikuwa na muda mchache. Mwenyekiti wa chama cha wafugaji pale Oberleiten ni Alfons, kaka wa mkewe. Alfons alikuwa ameshapata mashine ya kukodi inayopima jibini kwa mawimbi ya sauti. Alimwambia Kassian mbele ya kikao kizima, "Shemeji, nakusubiri mpaka ng'ombe washuke kutoka malishoni mwezi wa tisa. Baada ya hapo kinyundo nakitundika ukutani ofisini, na wewe uje ukitazame ukipenda." Hayo alikuja kunieleza Burgi, mkewe Kassian, kwa simu, na nikamchukia Alfons kabla sijamwona.

Tulimpandikiza kifaa mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili tulikiwasha, na Kassian akaanza kuja maabara kila baada ya wiki mbili.

Alikuja amevaa suti ya Jumapili. Alivua kofia mlangoni, akaingia kwenye chumba kisicho na mwangwi, akaketi na kofia juu ya magoti, mgongo umenyooka, kidevu kimeinuka, macho mbele. Tukimwambia atafune biskuti, anatafuna. Tukimwambia asome, anasoma. Namba zikawa nzuri ajabu. Mbea alikuwa anafanya kazi kama malaika, na kati ya kelele kumi za mwili, tisa zilitoweka.

"Unasikiaje, Bwana Auer?" Plank aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Vizuri sana, Bwana Daktari Mhandisi."

"Na kule ghalani?"

"Vizuri sana, Bwana Daktari Mhandisi."

Plank aliniangalia kwa jicho la ushindi, na mimi nikampigia makofi, mjinga mimi.

Mwishoni mwa mwezi wa saba, saa nne asubuhi, nikiwa nimefungua kitambaa changu cha mkate na nyama ya kukausha kwa moshi, simu ililia. Alikuwa Burgi.

"Wewe ndiye Traudl, yule wa hadubini?"

"Ndiye mimi, Gertraud kwa kirefu."

"Basi nisikilize, dada, kabla hajarudi kutoka ghalani. Mume wangu anawadanganya."

"Anatudanganya nini?"

"Kila kitu! Hasikii. Akikaa wima kwenye kiti kama sanamu, anasikia. Akiinama tu, ni kelele tupu. Akila, sisi sote tunanyamaza mpaka amalize, maana hata ukipiga ngoma hasikii. Miezi mitano tunakula kimya kama watawa, nimechoka! Juzi ametoka ghalani anatetemeka. Ameniambia, 'Burgi, nagonga jibini na nausikia moyo wangu mwenyewe.'"

"Sasa kwa nini hatuambii?"

Burgi alicheka kicheko kisicho na furaha. "Kumwambia Daktari Mhandisi kwamba kazi yake mbovu? Kassian? Huyo hata daktari wa ng'ombe akikosea anamwambia asante."

Mkate ulinishinda. Nilikwenda kwa Plank na kumweleza. Akafungua kompyuta, akanionyesha mistari ya kijani.

"Bibi Hupfauf, namba hizi haziongopi."

"Namba haziongopi, Bwana Daktari Mhandisi. Lakini zinajibu ulichouliza tu."

"Huenda mgonjwa ana wasiwasi. Inatokea."

Hapo damu ilinichemka. Nilimwambia kwamba Jumamosi napanda Oberleiten kwa gari langu, na kwamba kiti cha pili kiko wazi, na kwamba kama hatakikalia yeye nitamweka mbwa wangu, ambaye anasikiliza vizuri zaidi. Kwa miaka thelathini na moja kazini sikuwahi kusema na mkubwa hivyo. Jumamosi saa moja alikuwa amesimama nje ya nyumba yake na mkoba wa kompyuta, amevaa viatu vya mlimani vipya kabisa.

Kwetu kuna kawaida ambayo haijaandikwa katika sheria yoyote lakini kila mtu anaifuata: ukipanda kupita mita elfu moja, vyeo vinabaki bondeni. Hakuna Bwana, hakuna Daktari, hakuna Mheshimiwa. Kuna jina ulilobatizwa nalo, basi. Oberleiten iko mita elfu moja mia mbili na sitini.

Alfons ndiye aliyetupokea uani, tumbo mbele, mikono mfukoni.

"Mimi ni Dkt. Mhandisi Plank," alianza mkubwa wetu.

"Huku juu hewa ni nyembamba," Alfons akamkata, "haibebi vyeo vizito. Jina lako nani?"

"Ortwin."

"Karibu, Ortwin. Umekuja kulizika sikio la shemeji yangu?"

Tuliketi mezani kwa Burgi. Alitupa supu ya matonge ya mkate, jibini, na ule mkate wetu mkavu wa mlimani unaovunjika kama kigae. Kassian alikuwa amevaa aproni ya kazi, mikono ya shati imekunjwa, na bila suti alionekana mtu mwingine, mpana zaidi na mwenye hasira zaidi. Alimtazama Plank kwa muda. Nikaona midomo yake inataka kusema "Bwana Daktari," kisha anakumbuka mahali alipo.

"Ortwin," alisema.

"Naam."

"Kidude chenu ni takataka."

Burgi aliangusha kijiko. Alfons alipiga meza kwa furaha. Plank, na hapa nampa haki yake, hakukasirika. Aliweka mkate chini akauliza, "Takataka kivipi? Niambie yote."

Kassian akamwaga. Miezi mitano ya adabu ilimtoka kwa dakika ishirini. Alieleza kola ya shati inavyokwaruza, pumzi inavyovuma, moyo unavyogonga kila anapoinamia rafu ya chini. Plank aliandika mpaka karatasi ikaisha, akaendelea kwenye bahasha ya chama aliyopewa na Alfons.

"Sasa twende ukanionyeshe," alisema.

Ghalani kulikuwa na magurudumu elfu mbili kwenye rafu za mbao, na ule mvuke ukatuingia puani mpaka machozi. Kassian alichukua kinyundo. Alisogea kwenye gurudumu la rafu ya chini, akapinda kiuno, akaweka kiganja cha kushoto bapa juu ya jibini, akageuza kichwa kiubavu mpaka sikio likakaribia ganda, taya limesukumwa mbele kidogo. Hapo ndipo alipogonga.

Nilimwona pale, kichwa kimelala, damu imeshuka usoni, ngozi ya nyuma ya sikio imelegea upande mmoja. Nikamkumbuka yule wa maabara mwenye kofia magotini.

"Mama yangu wee," nilisema. "Ortwin! Tumempima mtu aliyeko kanisani!"

"Unasemaje?"

"Anakuja kwetu anakaa kama yuko misani! Kwa heshima yako wewe! Hakuinama hata mara moja, hakugeuza shingo, hakulegeza taya. Mbea amejifunza kichwa cha Jumapili. Huku kichwa ni cha Jumatatu!"

Plank alikaa chini kwenye sakafu yenye maji ya chumvi ya kuoshea jibini, na suruali yake nzuri, akaanza kucheka. Mbea huwa analinganisha mtikisiko wa mfupa na kelele ya kwenye maikrofoni. Kichwa kikiinama, ngozi inavuta kwingine, uzito unahama, na ulinganisho wote unakuwa uongo. Badala ya kuondoa kelele, anaongeza nyingine. Heshima si utumwa, wanasema, lakini yetu nusura imnyime mtu kazi yake.

"Tunahitaji chujio lingine kwa kila mkao," Plank alisema. "Lakini kompyuta itajuaje ameinama au amekaa wima?"

"Mbea anajua," nilimwambia. "Anahisi uzito. Kichwa kikilala, anajua kimelala upande gani. Alikuwa anajua siku zote. Hamkumuuliza."

Jumamosi tano mfululizo tulipanda. Tulimpima Kassian ameinama, amelala, amebeba gurudumu, anatafuna, anapanda ngazi na ndoo. Plank alikuwa anambandika kisahani cha sumaku nyuma ya sikio, anaingiza programu mpya, na Kassian anasema "bado" au "afadhali" au neno ambalo siliandiki. Sijawahi kumwona mtu akifurahia kutukanwa kama Plank alivyofurahi wiki zile.

Jumamosi ya tano, ng'ombe wakiwa wamebakiza siku saba kushuka, programu ilikaa sawa. Kassian aliinama. Uso wake ukafunguka.

"Pumzi imeondoka," alinong'ona. "Moyo umeondoka. Traudl, kumetulia. Kumetulia kabisa!"

Akagonga, akangoja. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Furaha yote ikamtoka usoni.

"Na jibini nayo imeondoka," alisema.

Alfons alikuwa mlangoni. Huyo hakosi kuwa mlangoni. "Hongereni," alisema. "Mmemponya mpaka amekuwa kiziwi tena. Niagize msumari wa kukitundikia kinyundo?"

"Alfons, nenda kahesabu mikia ya ng'ombe," nilimwambia, lakini moyoni nilikuwa nimevunjika.

Sababu tuliipata upesi, na ilikuwa ya kuudhi. Kile kiganja cha kushoto kilichokaa juu ya jibini kilikuwa kinaupokea mdundo wa nyundo, na mdundo huo unapanda mkono, bega, shingo, mpaka kwenye fuvu. Mbea anauhisi mfupani na kupiga kelele, "Hii ni ya mwenye nyumba!" Kompyuta inaitupa nje. Kwa Mbea, jibini ya Oberleiten ilikuwa kiungo cha mwili wa Kassian.

"Ondoa kiganja," Plank alisema.

"Siondoi. Kiganja ndicho kinachoshika jibini isiimbe ovyo. Bila kiganja, nzima na mbovu zote zinalia sawa."

"Basi sijui," alisema Plank. Mhandisi kusema hivyo si jambo dogo. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa. Tulikaa kimya wote watatu, na katika kimya kile Kassian, kwa mazoea tu, akainama tena kwenye gurudumu lililofuata. Nilikuwa karibu yake. Nilisikia pumzi yake inaingia, inatoka, inaingia, halafu kimya. Kinyundo kikashuka. Halafu pumzi ikatoka.

"Fanya tena," nilimwambia.

Akafanya. Pumzi, pumzi, kimya, kinyundo.

"Unashika pumzi!"

"Sasa je, nigonge huku nahema kama punda? Kila mgongaji anashika pumzi. Baba alinifundisha kwa kunikalia kifuani."

"Miezi yote hii hukutuambia!"

"Hamkuuliza! Nani anamwambia mtu kwamba anapumua?"

Plank alikuwa ameshasimama. Ndoo ilibingirika mpaka ukutani. "Anapohema, Mbea afanye kazi," alisema haraka haraka. "Pumzi ikikatika, mwili umetulia, hakuna cha kutoa ila moyo, na moyo peke yake hauzimi kinyundo. Kwa hiyo pumzi ikikatika..."

"Mbea anyamaze," nikamalizia.

Tulikumbatiana mimi na Dkt. Mhandisi Ortwin Plank, katikati ya mvuke wa farasi, na Kassian akauliza kama tumeoana.

Kazi hiyo ilimchukua Plank siku sita bila kupumzika. Siku ya saba ng'ombe walishuka na maua vichwani na kengele shingoni, na kijiji kizima kikalewa inavyopasa. Siku ya nane, saa tatu asubuhi, kikao cha chama kilikusanyika ghalani. Watu kumi na wawili, mashine ya Alfons kwenye meza yake ya kusukuma, na sisi wawili nyuma na kisahani chetu cha sumaku ambacho Plank alikitumia mara ya mwisho nusu saa kabla.

Alfons alikuwa amepanga magurudumu arobaini. Mashine ikapita kwanza. Iliguna na kumulika taa, na mwishowe ikasema mawili mabovu, la tisa na la thelathini na tatu. Alfons akafunika karatasi kwa kofia.

"Zamu yako, shemeji. Arobaini. Ukikosea moja, kinyundo ukutani."

Kassian alikunja mikono ya shati. Akainamia la kwanza, kiganja kikalala, kichwa kikalala, pumzi, pumzi, kimya.

Tok.

Niliuona uso wake, na nikajua. Hakutabasamu. Alifumba macho kama mtu aliyeitwa jina lake na mtu aliyemdhania amekufa. Kisha akagonga la pili, la tatu, la nne, na kufikia la nane alikuwa anatembea kwa mwendo wa mtu wa kazi. La tisa alilichora msalaba kwa chaki. Wazee wakasogea. La kumi na saba aligonga mara moja, akasimama, akagonga pembeni, akagonga tena. Akachora msalaba. Na la thelathini na tatu, msalaba.

"Matatu," alisema.

Alfons aliinua kofia. "Mashine imesema mawili. La kumi na saba ni zima. Kassian, hilo ndilo nililolichagua kwa maonyesho ya mkoa! Litazame lilivyo!"

"Sitazami. Nasikiliza."

"Limekuponyoka, kubali tu."

"Kata."

"Nikate gurudumu la maonyesho kwa sababu ya kinyundo?"

"Kata, Alfons. Likiwa zima nitakitundika kinyundo mwenyewe, na msumari nitanunua mimi."

Plank alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa baridi kama samaki. Miaka tisa, nilijiambia, na yote imo ndani ya jibini moja. Mzee mmoja akaleta waya wa kukatia wenye vishikio viwili, akauzungusha, akavuta yeye upande mmoja na Alfons upande mwingine. Gurudumu likafunguka taratibu, nusu huku na nusu kule.

Katikati, mbali na ganda, ambako jicho lisingefika hata mwakani, kulikuwa na ufa mrefu kama kidole changu cha shahada, mwembamba kama ukucha.

Ghala lilirindima. Watu wazima walirusha kofia, mzee wa waya alimbusu Kassian kwenye kipara, na Burgi, ambaye hakuwa mwanachama wala hakutakiwa kuwemo, alipenya katikati yao akimwita mumewe kwa majina ya chumbani. Plank alikuwa anarukaruka na viatu vyake vya mlimani, ambavyo sasa vilikuwa vichafu inavyofaa. Kassian aliinua mkono.

"Punguzeni makelele," alisema. "Nasikia."

Mchana tulikula kwa Burgi, meza mbili zilizounganishwa, mlango wazi. Kinyundo kilikuwa mezani karibu na sahani ya Kassian, na hakuna aliyethubutu kukisogeza hata kupitisha chumvi. Alikuwa amejaza mdomo ule mkate mkavu, anautafuna kwa meno yote, na mkate ule unapovunjika hata mtu wa pembeni mwenye masikio mazima anapotewa na maneno. Kwa mazoea ya miezi, watu wa nyumba ile walikuwa wamenyamaza ili amalize.

Alfons alikuwa ameketi mwisho kabisa wa meza ya pili. Aliinamisha kichwa kwa jirani yake na kusema chini chini, midomo haikutikisika sana. Mimi mwenyewe nililidaka neno kwa shida. "Kabahatisha tu."

Kassian hakuacha kutafuna. Hakuinua hata macho kutoka kwenye sahani.

"Sikubahatisha, Alfons," alisema, mdomo umejaa. "Na lile la thelathini na tatu lilikuwa na nyufa mbili. Mashine yako imeona mmoja."

Kijiko cha Burgi kilibaki hewani juu ya sufuria. Kisha akakiweka chini, akaketi kando ya mumewe aliyekuwa bado anatafuna, akaanza kumsimulia habari za miezi mitano, zote kwa mpigo, za binamu aliyezaa na paa lililovuja na kuku aliyeibwa na mbweha, naye anaitikia kila moja huku akivunja mkate mwingine. Hapo ndipo nilipolia. Plank alinipa leso yake yenye herufi za cheo chake pembeni, nami nikapengea humo.